Falsafa kwa Wachumi wa Shibe

Ipo nchi inaitwa Shibe. Msiniulize iko upande gani, kwa sababu mimi nilipouliza niliambiwa kwamba mtu mwenye nia njema haulizi. Ni nchi nzuri tu. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko madaraja, na watu wake wana adabu mno. Hiyo adabu ndiyo iliyoleta mambo yote haya, kwa hiyo nivumilieni kidogo niieleze.

Huko Shibe watu wakikutana hawaulizani habari za asubuhi wala za kutwa. Mmoja husema, "Shibe ipo?" Mwenzake hujibu, "Ipo." Ndiyo salamu yao. Aliyetoka harusini atajibu ipo, na aliyetoka kuzika atajibu ipo, maana salamu ni salamu, na mtu aliyelelewa hawezi kumpokea mwenzake kwa kumtupia shida zake usoni. Shida zina zamu yake. Kwanza unajibu ipo, unavuta pumzi, halafu unasema, "Ila..." na hapo ndipo mazungumzo yenyewe huanza. Kila Mshibe anajua hivyo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

Wasiojua ni Wizara ya Uchumi. Zamani wataalamu wa wizara walikuwa wakitafuta njia nyepesi ya kupima hali ya wananchi, wakatafuta mpaka wakachoka. Siku moja mmoja wao, akitoka kwenda kula, akasalimiana na mlinzi wa geti. Akarudi ofisini mbio hata chakula hajala. Tangu siku hiyo uchumi wa Shibe unapimwa kwa salamu. Wizara inaajiri watu waitwao Wasalimu wa Serikali. Wanapita nyumba hadi nyumba, wanasalimia, wakijibiwa "Ipo" wanabonyeza kidude cha kuhesabia kinachokaa kiganjani, tik, wanageuka, wanakwenda nyumba ya pili. Kugeuka upesi ndiyo sehemu kubwa ya mafunzo yao, kwa sababu nyumba ni nyingi na jua ni kali. Matokeo mnaweza kukisia wenyewe. Kila mwaka Shibe ilishiba kwa asilimia mia moja, isipokuwa mwaka mmoja ilipofika mia na tatu, na wizara ikafafanua kwamba hizo tatu za juu ni akiba.

Basi, katika nchi hiyo alikuwepo binti mmoja jina lake Chausiku, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Taifa. Chausiku alitaka kitu kimoja tu duniani: meza pale wizarani, ghorofa ya juu, karibu na feni. Wala hakukitaka kwa siri. Mama yake, Bi Kiduli, alikwisha kuutangazia mtaa mzima, na gauni la mahafali lilikwisha kushonwa, linaning'inia nyuma ya mlango limefunikwa khanga lisishike vumbi. Kilichobaki ni kufaulu, na Chausiku alikuwa akifaulu kila kitu, mpaka Mheshimiwa Rais aliposafiri.

Rais alialikwa chakula cha mchana na rais wa nchi nyingine. Mezani, mwenyeji akataja, tena bila nia mbaya, kwamba kwao wachumi husomeshwa na falsafa pia, ili wajue wanachokihesabu ni nini. Rais wa Shibe akatikisa kichwa taratibu, akajifanya jambo hilo analijua tangu utoto. Aliposhuka kwenye ndege, ngoma za mapokezi hazijanyamaza, akatangaza kuwa kuanzia kesho asubuhi, kabla ya chai, wachumi wote wa Shibe watakuwa na falsafa, tena mara mbili ya wenzao.

Chuo kikahaha. Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Ndimbo, akaanza kwa kuuliza bohari kama falsafa ya kutosha ipo. Bohari ikajibu kwamba kwa sasa haipo lakini inaagizika, ikaomba kujua inayotakiwa ni ya unga au ya maji. Ikaundwa kamati ya kujibu swali hilo. Kamati ikakaa, ikala maandazi, ikaahirisha, ikakaa tena, mpaka mjumbe mmoja akakumbuka kwamba zamani chuo kiliwahi kuwa na mwalimu wa falsafa na pengine bado yu hai. Wakamsaka, wakamkuta chini ya ngazi za jengo la utawala. Ndiye Dokta Mbwilo. Idara yake ilifungwa kwa kukosa faida, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumfukuza yeye, alipewa kazi ya kutunza viti vya mahafali. Alipoambiwa kwamba ana wanafunzi, aliomba wairudie hiyo sentensi, akaketi kwenye kimoja cha viti vyake, akalia.

Mtaala ulikuja kutoka wizarani umeshapikwa. Muhula wa kwanza, Majibu. Muhula wa pili, Majibu ya Juu. Maswali yangefundishwa baadaye, bajeti ikiruhusu. Dokta Mbwilo akausoma, akaukunja, akauweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba, akaingia darasani.

Na humo darasani alikuwa na neno moja tu: "Umejuaje?" Mwanafunzi akisema bei ya mchele imeshuka, ataulizwa umejuaje. Akisema amesoma gazetini, ataulizwa gazeti limejuaje. Akisema gazeti limeambiwa na wizara, Dokta Mbwilo hunyamaza akangoja. Na kungoja kwake ndiko kulikowamaliza watu. Hangoji kwa hasira, hakunji uso, anasimama tu na chaki yake mkononi, mpole kabisa, mpaka mwanafunzi mwenyewe anaanza kujisikia vibaya na kuendelea kusema hata yale ambayo hakuyapanga.

Chausiku aliichukia falsafa hiyo kupita kiasi. Aliwaambia wenzake kuwa ni somo la watu waliokosa kazi, na mfano hai uko pale mbele umeshika chaki. Lakini somo lilikuwa la lazima. Asiyefaulu falsafa hapati shahada ya uchumi, na asiye na shahada hapati meza. Basi akakariri, maana kukariri ndiko kulikomfikisha hapo. Alikariri kila alichosema mwalimu, mpaka mahali pa kukohoa. Zoezi la kwanza lilirudi na sifuri, na chini yake Dokta Mbwilo alikuwa ameandika lile neno lake kwa wino mwekundu. Chausiku akalia siku nzima, akavunjika moyo, akala ugali wa watu watatu.

Ikafika likizo ya mafunzo kwa vitendo, na wanafunzi wa uchumi wote wakapelekwa mitaani kuwa Wasalimu. Chausiku akapangiwa mtaa wa Kisimani, akakabidhiwa kidude chake, akafurahi kwelikweli, kwa sababu huku hakukuwa na umejuaje. Anabisha hodi, anasalimia, tik, anageuka. Mkufunzi wake alimsifu mbele ya wenzake kwa namna anavyogeuka. Alisema binti huyu ana kisigino cha kiuchumi.

Akafika kwa mama mmoja mtu mzima anaitwa Bi Mashavu, jina ambalo bila shaka alipewa miaka ya neema. Akabisha hodi, akakaribishwa, akaamkia shikamoo, akauliza kama shibe ipo. Bi Mashavu akajibu ipo, mwanangu. Tik. Chausiku akageuka kama alivyofundishwa, na kugeuka tu, kandambili yake ikang'oka ukanda. Akachuchumaa pale pale kizingitini kuupachika. Nyuma yake akasikia mtu anavuta pumzi.

"Ila tangu juzi jiko hatujaliwasha," akasema Bi Mashavu.

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeendelea na maongezi. Chausiku akainua kichwa, kandambili mkononi, akauliza sasa kile alichojibu mwanzo kilikuwa nini. Bi Mashavu akamtazama kwa mshangao, akamuuliza kama kwao hawakumfundisha kusalimiana.

"Umenisalimia, nikakujibu," akasema. "Ulitaka nikuvunjie heshima mlangoni kwangu?"

Akamletea maji ya kunywa, kwa kuwa ndicho kilichokuwepo, akaendelea na habari zake mpaka mwisho. Msidhani Chausiku alikuwa hajui desturi. Yeye mwenyewe ni Mshibe, kila siku anajibu ipo na kila siku ana ila yake. Ila ni kwamba chuoni alifundishwa kuwa yale ni ya nyumbani na huu ni uchumi, na haikuwahi kumjia akilini kuviweka vitu hivyo viwili pamoja. Sasa vilikuwa vimekaa pamoja kizingitini, na lile neno la Dokta Mbwilo likaanza kumpigia kelele kichwani. Akatazama kidude chake. Kimejuaje?

Alikasirika sana. Aliikasirikia kandambili, akamkasirikia mwalimu, akarudi nyumba zote alizokwisha kuzihesabu, safari hii akisalimia anasimama. Hakuna nyumba iliyokosa ila. Huyu mtoto wake hajaenda shule kwa kuwa sare ni moja na ndugu ni wawili. Yule anakula mara moja kwa siku na mlo wenyewe anauita cha mchana kilichochelewa. Mzee mmoja hakuwa na shida kubwa ya kutaja, lakini kwa kuwa hakuna aliyemsikiliza kwa miaka mingi, alimwekea Chausiku kigoda na kuanza na meno yake, moja baada ya jingine. Jioni hiyo Chausiku alirudi nyumbani na kidude mfukoni, wala hakutaka kukitazama.

Chuo kilipofunguliwa alikwenda moja kwa moja kwa Dokta Mbwilo, akamwaga yote. Mwalimu alisikiliza huku uso unamng'aa, maana hakuna raha kwa mwalimu inayozidi hiyo. Halafu uso ukamfifia. Akainuka akafunga mlango. Akamweleza kwamba mtihani wa mwisho wa falsafa umebadilishwa, utakuwa wa mdomo, na msimamizi ni Mheshimiwa Gubika, Waziri wa Uchumi mwenyewe, ambaye Rais amemtuma ahakikishe kwa macho yake kwamba falsafa imefika. Swali ni moja na limeidhinishwa: hali ya shibe nchini ikoje? Jibu nalo ni moja na limeidhinishwa: ipo. Atakayejibu vingine amefeli.

"Jibu ipo, mwanangu, utoke," akasema Dokta Mbwilo. "Meza yako inakungoja."

"Na wewe, Mwalimu, ulivyokuwa unatusumbua muhula mzima?"

"Mimi nikirudishwa kwenye viti nimeshavizoea. Wewe hujavizoea."

Hapo Chausiku akamwambia ukweli wake, machozi yanamlengalenga. Akamwambia kwamba si haki mtu akufumbue macho kwa nguvu, hujamwomba, halafu siku ya kuona akusihi uyafumbe. Chausiku akatoka bila kuaga, na nyumbani Bi Kiduli alikuwa anapiga pasi gauni la mahafali kwa mara nyingine tena.

Siku ya mtihani ukumbi ulipambwa maua ya plastiki, yakapanguswa vumbi. Waziri Gubika aliingia na msafara na kiti chake mwenyewe kilichobebwa na watu. Akatoa hotuba. Alisema falsafa ni mama wa uchumi, na uchumi ni baba wa falsafa, na serikali ni mjomba wa wote wawili. Alisema falsafa imepokelewa, imekaguliwa, haina ufa. Akaonya kwamba serikali haitamvumilia mtu yeyote atakayekutwa na falsafa zaidi ya ile aliyopangiwa. Makofi yalikuwa mengi, na Profesa Ndimbo alipiga ya kwake akiwa amesimama.

Wanafunzi wakaanza kuitwa. Hali ya shibe nchini ikoje? Ipo, Mheshimiwa. Makofi, mwingine. Ilikwenda haraka kuliko foleni ya chanjo. Dokta Mbwilo alikaa mwisho wa meza ameinamisha kichwa, na zamu ya Chausiku ilipofika alikiinamisha zaidi.

"Hali ya shibe nchini ikoje?" akauliza Waziri.

"Ipo, Mheshimiwa."

Makofi. Profesa Ndimbo akamwambia amefaulu, ampishe mwenzake. Amefaulu, mmesikia? Shahada anayo, meza anayo, mama yake kule nyuma ya ukumbi ameshaweka ulimi tayari kwa vigelegele. Kilichobaki ni kugeuka, na kugeuka ndiko alikosifiwa. Lakini Chausiku hakugeuka.

"Mheshimiwa, naomba nami nikusalimie," akasema. "Shibe ipo?"

"Ipo," akajibu Waziri bila hata kufikiri, maana na yeye amelelewa.

Chausiku akabaki amesimama. Alingoja vile alivyowahi kungojwa yeye, bila hasira, bila kukunja uso. Sasa muelewe kwamba tangu Mheshimiwa Gubika apate uwaziri hakuna mtu aliyewahi kumsalimia akabaki. Watu humsalimia huku wanarudi kinyumenyume. Waziri akatazama kulia, akatazama kushoto, akarekebisha tai. Binti bado yupo, bado anamtazama vizuri tu. Basi mazoea ya utotoni yakamshinda mtu mzima. Akavuta pumzi.

"Ila silali," akasema Waziri Gubika.

Na kwa kuwa hakuna aliyemkatiza, akaendelea, macho yake kwenye yale maua ya plastiki. Akasema akienda kwao likizo, dada yake huwahi kuficha sahani za watoto asizione zilivyo tupu. Akasema kila mwaka huletewa ile asilimia, akaitia sahihi, na kila mwaka hujiuliza imetoka wapi, lakini hana wa kumuuliza, kwa sababu mtu wa kuulizwa ni yeye. Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa cha meza. Mlinzi wake mmoja naye akaanza kusema ila, akakanyagwa mguu na mwenzake.

Chausiku alikuja pale kumwaibisha. Hakutegemea kumhurumia, na alimhurumia mpaka akatamani amshike mkono.

Lakini waziri ni waziri. Baada ya kitambo alikohoa, akasimama, akatangaza kwamba yote waliyoyashuhudia ndiyo hasa serikali iliyoyakusudia ilipoleta falsafa. Akampa Chausiku daraja la kwanza. Akamthibitisha Dokta Mbwilo kazini. Kisha akasema kwamba serikali hii ni sikivu, na kwa kuwa ni sikivu, kuanzia leo wizara itakuwa na Idara ya Ila, na mkurugenzi wake wa kwanza ni binti huyu. Vigelegele vya Bi Kiduli vilivuka ukumbi, vikavuka na ukuta wa chuo.

Basi gauni likavaliwa. Chausiku akapata meza, ghorofa ya juu, na feni akapewa mbili. Akafanya kazi kwa moyo wote. Aliandika mwongozo mpya wa Wasalimu kwa mkono wake: salimia, simama, sikiliza mpaka mwisho. Mwongozo ukapelekwa kwa wakubwa kuboreshwa. Kila meza uliyopita ukaboreshwa, na uliporudi ulisomeka hivi: salimia, simama, mtu akisema ila, bonyeza, geuka.

Akaenda nao kwa Katibu Mkuu, bwana mmoja mpole anayekunywa chai ya tangawizi kutwa, akamuuliza yanayofuata baada ya ila yameenda wapi. Katibu Mkuu akamkaribisha chai, akamweleza bila haraka kwamba ila inahesabika, ni moja kwa kila mtu, ni nadhifu. Lakini yanayofuata kila mmoja ana yake, huyu jiko, yule meno, utayajumlishaje?

"Hayo ni falsafa, Mkurugenzi," akasema. "Sisi huku ni wachumi."

Mwisho wa mwaka matokeo yakatoka: Washibe wote wana ila, asilimia mia moja, hakuna aliyeachwa nyuma. Rais akatangaza kwamba hakuna nchi jirani yenye ila nyingi namna hiyo, na kwamba mazungumzo ya kuziuza nje yanaendelea vizuri. Kule chuoni "Umejuaje" iliingizwa kwenye mtaala, kwenye Majibu ya Juu, na wanafunzi waliitamka kwa pamoja wakisimama. Chausiku akavishwa nishani. Alipiga nayo picha, akaenda nayo nyumbani, na usiku ule na siku zilizofuata akawa analala juu ya kitanda macho wazi, hana wa kumwambia, kwa sababu mtu wa kuambiwa mambo kama hayo ni mkurugenzi wa Idara ya Ila.

Jumamosi moja asubuhi akasikia hodi. Alikuwa binti mdogo, mwanafunzi wa uchumi, kidude kipya kiganjani, hamjui Chausiku wala sura wala jina. Akamwamkia kwa adabu, akauliza kama shibe ipo. Chausiku akajibu ipo, mdogo wangu.

Yule binti hakugeuka. Alisimama vizuri kama mwongozo unavyosema, uso mkunjufu, anamtazama mwenye nyumba machoni, anangoja. Na Chausiku alipouona uso ule, yote ya mwaka ule yakamjia kwa pamoja, nishani, mwongozo, chai ya tangawizi, na mama mmoja wa Kisimani ambaye Chausiku hakurudi tena kumuuliza kama jiko limewaka. Akashika mlango. Akavuta pumzi.

"Ila," akasema.

Tik. Binti akatabasamu, akamshukuru kwa niaba ya serikali, akageuka. Aligeuka vizuri sana. Chausiku alikuwa bado amefungua mdomo, na kwa jirani hodi ilikuwa imeshabishwa.